Kura za Kenya Zilivyohesabiwa Bunia

Nyakasanza, Bunia

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, miguu haivimbi tena na moshi wa kuni umepunguza kukusumbua macho. Mimi mwili hauna neno, nala na nalala. Moyo ndio unaotokota, na nimeona heri niumwage kwako kuliko kumtolea mtu wa hapa neno litakalonifanya nizikwe bila sanda. Zuhura, mdogo wangu, wewe unayemsomea, soma polepole, na usiruke mahali kwa kisingizio cha kumhurumia mama. Moyo wake ni mkubwa kuliko wako na wangu tukiuunganisha.

Je, paa la jikoni lilizibwa? Babu Athumani anaendelea na dawa zake au ameanza tena kuzificha chini ya mto? Na yule jirani mwenye mbuzi, mbuzi wake bado wanakula nguo zenu kambani? Niandikieni mambo hayo, hata kama mnaona ni ya kipuuzi. Hapa mtu akikuletea habari ya mbuzi aliyekula kanga unamshukuru Mungu kwamba kuna mahali duniani habari ndiyo hiyo.

Sasa nisikilize, mama. Nilikwambia nilipoondoka kwamba nakuja kufunga giaboksi moja tu, kisha narudi. Unajua yaliyofuata: tajiri alinitelekeza na lori lake, barabara ikafungwa na vita, nami nikabaki natengeneza jenereta za maduka na pampu za wachimba dhahabu wanaotoka Nizi. Gereji ninayofanyia kazi ni ya mtu anayeitwa Nestor. Ni mchomeleaji, kijana mrefu wa miaka thelathini na kitu, Mubira, yaani wa kabila dogo lililo katikati ya haya makubwa yanayouana. Ana mikono ya dhahabu na domo lisilo na breki. Mkewe, Mama Furaha, hupika langoni mwa gereji, fufu, yaani ugali wa mihogo, na sombe, kisamvu chetu, na samaki wa chumvi, na tangu siku niliyokwama hapa sijawahi kulala njaa wakati chungu chake kiko motoni. Kwa hiyo ukisikia nasema Nestor, jua nasema ndugu yangu.

Wa tatu wetu ni Muzee Dieudonné. Alikuwa karani wa serikali. Serikali ilikufa, yeye akabaki na tai. Siku hizi anauza petroli kwa chupa kando ya barabara, mbele ya gereji, na tai yake shingoni.

Mchana ule yalipotangazwa matokeo ya kura za kwetu, tulikuwa tumeunganisha redio kwenye betri ya lori. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya matairi. Matangazo yalikuwa ya Kiswahili, kwa hiyo hakuna aliyehitaji mkalimani, lakini nakuapia, mama, walihitaji mkalimani wa jambo lenyewe. Mtangazaji aliposema kwamba chama kilichotawala tangu uhuru kimeshindwa, na kwamba rais anayeondoka atakabidhi madaraka mbele ya watu, Nestor alizima mashine yake ya kuchomelea akanigeukia.

"Ule mwenye alishindwa, jeshi yake iko wapi?"

"Hana jeshi."

"Weye, usituongopee. Parti ya miaka yote ile, haina ata kikosi kidogo?"

"Haina."

"Na uwanja ya ndege, anashika ya wapi?"

"Uwanja wa ndege ni wa serikali, Nestor. Hashiki wowote."

Akafikiri. "Sasa atakula nini?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini yeye hakuwa anafanya mzaha. Hapa, mama, chama ni watu wenye jina la herufi tatu nne, bunduki, uwanja wa ndege ama shimo la dhahabu, na nchi jirani moja inayowalea. Kikipata vyote hivyo kinaitwa chama cha siasa, na mkuu wake anaitwa rais. Kura haimo kabisa katika hesabu. Tangu nifike, mji huu umebadilisha wenyewe mara nyingi, na kila wanaoingia huja na herufi zao mpya, wakapaka rangi juu ya zile za zamani kwenye kuta.

Muzee Dieudonné ndiye aliyeanzisha balaa. Alisimama, akanyoosha tai yake, akachukua kijiti na kuchora Kenya nzima katika mchanga uliolowa oili.

"Ngojeni," akasema. "Hii resultat ya Kenya, tuitie mu sistemi yetu ya Bunia. Tuone itazaa nini."

Basi ikawa mchezo. Walioshinda ni muungano wa vyama vingi, sivyo? Muzee akauliza wako wangapi ndani yake, nikamwambia hata mimi sijui vizuri. Akasema basi, kwa sistemi ya hapa, muungano huo utakaa siku tatu. Siku ya nne kila mwenye kiti atatoka na kiti chake, na herufi zilezile, ila ataongeza moja mwishoni. Akaugawa pale pale vipande vipande. Yule aliyeshindwa akampa Eldoret, kwa sababu kuna uwanja wa ndege wa kuteremshia silaha, na kwa sababu ni karibu na nchi jirani ya kumlea. Mwingine aliyepata kura chache kabisa, ambaye hata jina lake redio ilikuwa imelitaja kwa haraka, akampa magadi yote ya kule Magadi. "Huyu njo atakuwa na nguvu kuliko bote," akasema, yaani ndiye atakayewazidi wote. "Kura kidogo, lakini iko na mali ya kuuzisha."

"Na Mombasa?" mtu mmoja akauliza. "Nani anakamata Mombasa?"

Wote wakanigeukia. Nikapewa bandari, mama. Nikawa rais. Kivuko cha Likoni kikawa mpaka, na jeshi langu likawa linauza jetoni, yaani kile kijikaratasi unachonunua kwenye kizuizi ili upitishwe, na usipokuwa nacho unarudishwa au unalazwa chini. Nikawaambia, jamani, mama yangu huvuka pale na sinia la mahamri kila alfajiri. Mama Furaha akanijibu kutoka langoni, mwiko mkononi: "Mama yako naye atalipa. Na mahamri mbili ya musoda, juu ya jetoni." Musoda kwao ni askari. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Ungekuwapo ungesema neno lako lile, mzaha mzaha hutumbuka usaha, na ungekuwa umesema kweli.

Kila kitu kilikwisha kugawanywa, Nestor hajapata chochote. Akalalamika. Akaniuliza: "Batu bote ya Kenya balipiga kura?"

Nikamwambia la, wengi hawakwenda.

"Bale njo bangu," akasema. "Bale benye hawakupiga. Miye niko rais yao." Kisha nikaona wazo likimpanda usoni. "Lakini ngoja. Miye mwenyewe sijapigaka kura, ata siku moja. Weye, Jado," akamgeukia kijana wake wa kazi, "ulipigaka? Hapana. Mama Furaha? Hapana. Basi hakuna mutu hapa Bunia mwenye alipigaka. Siye bote tuko mu parti moja!"

Muzee Dieudonné akainua mkono. Yeye alishapiga, zamani, enzi za chama kimoja. Walikuwa wanapewa karatasi mbili, ya kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana, na ukigusa nyekundu askari anakuuliza kama unaumwa.

"Weye hauingie," Nestor akamwambia. "Ulishaharibika."

Mzee wa watu alisihi kweli, tai na yote. Wakamkatalia.

Hapo ndipo mchezo ungeishia, mama, kama huu ungekuwa mji wa watu walioachwa waishi. Lakini utani ule ulitoka gerejini ukaingia sokoni. Kufikia mwisho wa wiki, pale Mudzipela na hapa Nyakasanza, watu walikuwa wanasalimiana nao. "Uko mu parti ya Nestor?" "Niko ndani." Wauza nyama, wapanda pikipiki, akina mama wa mihogo. Sijui kama unaelewa uzito wake. Hapa mtu akikuuliza uko na nani, jibu lako ndilo uhai wako. Jina lako, lafudhi yako, kijiji alichozaliwa baba yako, vyote ni jibu. Mara ya kwanza katika vita hivi watu walipata jibu ambalo kila kabila lingeweza kulitoa bila kufa. Ndiyo maana walilipenda. Lilikuwa la kuchekesha na lilikuwa kweli.

Na ndiyo maana walikuja kumchukua.

Askari wa wenye mji wa sasa walikuja asubuhi na pikapu ambayo mimi mwenyewe niliifunga klachi. Hawakupiga mtu, hawakuvunja kitu, walimwambia tu Nestor apande. Saa moja baadaye wakarudi kunichukua mimi, kwa sababu kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Walisema nimeleta siasa kutoka Kenya.

Komanda alikuwa amekaa barazani anakula karanga, kijana ambaye kwetu angekuwa bado anamwomba baba yake nauli. Nestor alikuwa ameketishwa chini mbele yake. Nitakuandikia walivyosemezana, kwa sababu ndicho kinachoniamsha usiku.

"Bunduki ya parti yako iko wapi?"

"Hatuna bunduki, Komanda."

"Parti haina bunduki?"

"Haina."

"Basi mulificha. Nani iko nyuma yenu?"

"Hakuna mutu nyuma yetu."

Komanda akamtazama karani wake aliyekuwa pembeni. "Unasikia? Hakuna mutu. Ni mukubwa sana, njo maana banaogopa kumutaja."

Mama, ungeona! Kila neno la kweli lilikuwa linamzidishia hatia. Kutokuwa na silaha kulithibitisha kwamba zimefichwa vizuri. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema kwetu vyama havina bunduki, na huu ulikuwa mchezo wa redio, tulikuwa tunahesabu matokeo ya kwetu kwa desturi ya hapa. Komanda akanitazama kwa huruma, kweli kwa huruma, kama unavyomtazama mtu asiyejua kuogelea. "Njo maana munashindwaka mu siku moja, Mukenya," akasema. Kisha akamrudia Nestor. "Muko ngapi?"

"Bunia muzima."

"Unanichezea?"

"Hapana, Komanda. Ni parti ya benye hawajapigaka kura." Na domo lake lile, mama, lisilo na breki, likaendelea. "Weye Komanda, ulishapigaka?"

Askari mmoja mlangoni alicheka. Lilikuwa cheko fupi, lilimponyoka tu. Komanda hakumgusa yule askari. Alimwambia ampige Nestor kwa kitako cha bunduki, nacho kikampata mdomoni. Nililiona jino likidondoka juu ya maganda ya karanga. Nilikuwa nimekaa, mikono juu ya magoti, sikufanya kitu. Ungetaka nifanye nini? Nilimeza hasira kama mtu anavyomeza mfupa wa samaki, na mpaka leo umenikwama.

Karani ndiye aliyetoa shauri. Alikuwa mtu mpole, amesoma, kila neno lake lina adabu. Alisema hakuna haja ya kuua chama, vyama haviuawi, vinaunganishwa. Nestor ataenda kwenye redio ya mji Jumamosi, asome kwamba chama chake na wanachama wake wote wamejiunga na wenye mji, yaani kundi la Komanda. Akisoma anarudi kwake. Asiposoma atapelekwa barabara ya uwanja wa ndege. Hapa kila mtu anajua maana ya kupelekwa barabara ile.

"Siwezi kuunganisha batu bila kubauliza," Nestor akasema, damu inamtoka.

Komanda akacheka mpaka karanga zikampalia. "Baulize, basi. Fanyeni kura!"

Mimi wakaniachia niende. Nestor wakamfungia ndani ya kontena la bati, juani.

Sasa elewa kwa nini hakusema ndiyo pale pale. Lile tangazo lingewaandikisha watu ambao hawakuchagua kitu. Kila aliyekuwa amesema "niko ndani" kwa kicheko angehesabiwa kuwa mtu wa wenye mji. Vijana wangeambiwa, nyie si wetu sasa, njooni mbebe bunduki. Na wale wenye ndugu upande wa pili wa vita, redio ile inasikika mpaka huko. Kuna mwanamke mmoja anauza maharagwe mkabala na gereji, Mama Kavira, Munande, wa kabila la upande wa Beni. Mumewe yuko Beni, kwa maadui wa hawa. Tangazo likisomwa, kule Beni watasema mke wako amejiunga nao. Na Nestor alimjua vizuri Mama Kavira, maana alishamfanyia utani zaidi ya mara moja kwamba yeye ndiye waziri wake wa chakula.

Niliporudi nilimkuta Mama Furaha anasonga fufu. Nilimweleza yote, hata jino. Hakulia. Aliepua chungu, akafunga chakula cha mumewe kwenye kitambaa, maana hapa mfungwa hulishwa na kwao, asiye na mtu hufa na njaa. Kisha akauliza: "Alisema tufanye kura?"

"Alikuwa anadhihaki, Mama Furaha."

"Sikuulize kama alidhihaki. Alisema, ao hakusema?"

"Alisema."

Akajitwika kapu lake, akaenda sokoni. Nilimfuata nyuma nikijifanya natafuta grisi. Alikuwa anasimama kwenye kila meza, anashika nyanya, anauliza bei, na katikati ya bei anauliza lile jambo lake kwa sauti ya chini. Mume wangu asome, ao asisome? Nao walikuwa wanamjibu bila kuinua uso. Asome. Asome, mama. Mutu kwanza. Mchinjaji mmoja alisema asisome, halafu akamwita alipokuwa amepita meza mbili, akasema basi, asome. Alikwenda mpaka kwa wapanda pikipiki, mpaka kwa wasuka nywele. Sijawahi kuona kura ya namna ile, na sidhani nitaiona tena. Watu waliowekwa chini ya bunduki miaka yote hii, hakuna aliyewahi kuwauliza hata wanataka chumvi au sukari, walikuwa wanapiga kura yao ya kwanza juu ya kichwa cha mchomeleaji.

Mwisho alikwenda kwa Mama Kavira. Hakushika maharagwe yake. Alisimama tu. Mama Kavira alimtazama, naye machozi yakawa yanamtoka kabla hajaulizwa.

"Bwana yangu atasikia," akasema.

"Ninajua."

"Batamwambia bibi yako ameshakuwa adui."

"Ninajua, Mama Kavira. Njo maana niko nauliza."

Yule mwanamke alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Asome," akasema. "Miye nitaenda mwenyewe kumwambia bwana yangu. Kwa miguu."

Muzee Dieudonné alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote na chupa zake. Alimwambia Mama Furaha kwamba anajua hana haki, lakini kama wangemkubalia, naye anasema asome. Mama Furaha akamwambia, Muzee, tumeshakupokea.

Chakula kilifika kwa Nestor, na jibu likafika pamoja nacho. Jumamosi mchana tuliunganisha redio kwenye betri ileile. Hakuna aliyekaa juu ya matairi safari hii. Sauti yake ilitoka ikisuasua kwa sababu ya jino na uvimbe, nami nikajua anasoma maneno ya yule karani mpole, maana Nestor hajawahi kusema sentensi ndefu vile maishani mwake. Chama chake, akasoma, kwa hiari na furaha, kinajiunga. Wanachama wake wote. Alisoma mpaka mwisho, hakuongeza neno. Nilikuwa nimemwogopea hilo.

Mama, niliposikia neno "hiari" nilipiga ngumi boneti ya lori mpaka ikaingia ndani. Kwa hiari! Wanamng'oa mtu jino, wanamchoma juani ndani ya bati, halafu wanataka asome kwamba ana furaha. Wizi siushangai, hata kuua nimeanza kuzoea, Mungu anisamehe. Lakini mtu anayekupiga kisha akudai cheti kwamba umependa, huyo namchukia kwa damu yangu yote. Na hao wageni wa mashirika ya amani wanaoteremka na ndege wakiwa na fulana zao na karatasi zao, wataandika kwamba vyama viwili vya Bunia vimeungana, hatua ya amani. Nani atawaambia kwamba kimoja kilikuwa kicheko?

Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba Muzee Dieudonné alihesabu sawasawa. Tuliyatia matokeo ya Kenya katika sistemi ya Bunia, na sistemi ikafanya kazi yake bila kukosea: wenye watu wengi na bunduki sifuri walimezwa na wenye bunduki.

Nestor alirudi jioni ileile, kwa miguu. Walikuwa wamemvisha koti la kijeshi, kama zawadi ya ndoa. Mama Furaha alimzuia langoni, akalivua yeye mwenyewe, akalitupa barabarani, na tangu hapo mapikipiki yanapita juu yake. Kisha ndipo alipolia. Mama Kavira alikuwa amekwisha kuondoka na mwanawe mgongoni, kuelekea Beni, na njia hiyo ya msituni sina haja ya kukueleza. Hatujapata habari yake. Kila anayeingia kutoka huko tunamuuliza. Vijana wawili wa soko wamekwisha kuchukuliwa, wakaambiwa chama chao kimewaita. Na Nestor hasemi. Domo lile lote limefungwa. Watu hawamlaumu hata kidogo, wanampelekea ndizi na mayai, lakini anakata chuma na kuunga chuma, na miwani yake nyeusi haivui hata mashine ikiwa imezimwa.

Jana ndipo alipozungumza nami. Tulikuwa tunafunga pampu ya mtu wa Nizi, wawili tu. Aliniuliza bila kunitazama.

"Mama yako alipigaka kura, ile siku?"

"Lazima alipiga. Hawezi kukosa."

"Alimupa nani?"

"Sijui," nikamwambia.

"Hakukwambia?"

"Hakuniambia. Kwetu kura ni siri. Unaingia kwenye kibanda peke yako."

"Na alipotoka, hakuna mutu alimuuliza? Musoda? Chef ya kartie? Ata bwana yake?"

"Hakuna, Nestor. Si askari, si mkuu wa mtaa. Anatoka, anakwenda zake nyumbani."

Alivua miwani. Uvimbe ulikuwa umeshuka, lakini macho yalikuwa mekundu kuliko moto wa kuchomelea unavyoyafanya. "Hakuna mutu anamuuliza iko na nani," akasema, taratibu, kama mtu anayejifunza sala. Kisha mtu mzima yule, baba wa watoto watatu, akaketi chini kwenye oili akalia kwa sauti, nami nikaketi naye.

Mama, sitarudi sasa hivi. Usinikasirikie. Barabara ingefunguka kesho bado nisingeondoka kabla Mama Kavira hajasikika yuko wapi na kabla Nestor hajarudi kuwa mtu wa maneno. Nimekula kwake.

Nisalimie Babu Athumani, umwambie dawa inamezwa, haitunzwi. Nisalimie shangazi wa Changamwe na wanawe, kaka Rashidi wa bandarini, mwambie bandari nilipewa ikachukuliwa, abaki nayo. Nisalimie mwalimu wangu wa madrasa kama bado yu hai, na jirani mwenye mbuzi pia. Zuhura, wewe nakubusu kichwani. Mama Furaha anakuita dada, mama, na amenituma nikuulize mahamri unayatia nini mpaka mwanao anayaota.

Neno langu la mwisho ni ombi. Najua tabia yako: ukinijibu utataka kunihadithia foleni, na jua, na yule msimamizi aliyekukosea adabu, na mwisho utataka kuniambia ulimpa nani. Nihadithie yote hayo. Lakini ulimpa nani, mama, usiniambie. Hata mimi mwanao usiniambie.

Mwanao akupendaye,
Hamisi